Jinsi ya Kujiandaa na Mtihani wa Lugha Kabla ya Kupangiwa Kazi Ng'ambo

Mtumishi wa serikali ya Marekani anayepangiwa kazi Dar es Salaam, Bujumbura au Muscat haaminiwi kwa kauli yake tu kwamba lugha anaijua. Hufanyiwa mtihani, na alama yake huingizwa kwenye kumbukumbu zake za kazi. Alama hiyo ndiyo inayoamua kama ataondoka moja kwa moja, kama ataketi darasani kwa miezi kadhaa kwanza, au kama nafasi atapewa mwenzake.

Makala haya ni ya msomaji wa Kiswahili anayeukaribia mtihani huo. Yawezekana alihamia Marekani kutoka Mombasa, Kigoma au Bukavu, akachukua uraia na kuingia kwenye utumishi wa nje. Yawezekana ni kijana aliyezaliwa hukohuko na kukua akiwasikia wazazi wakizungumza Kiswahili nyumbani. Yawezekana pia ni mwalimu anayewaandaa wengine. Wote watatu wanahitaji kulijua jambo moja mapema: mtihani huu unapima kazi unayoweza kuifanya kwa lugha. Hauulizi ulizaliwa wapi, ulisoma miaka mingapi, wala lafudhi yako inapendeza kiasi gani. Ndiyo maana hata aliyenyonya Kiswahili pamoja na maziwa ya mama anaweza kutoka na alama ya chini kuliko alivyotarajia, asipojua anachopimwa.

Kanuni ilikotoka

Kabla ya miaka ya 1950, ofisa wa Marekani aliweza kuandika kwenye fomu kwamba anajua Kifaransa vizuri sana, na hapakuwa na kipimo cha pamoja cha kuthibitisha neno lake. Mwaka 1955 maofisa wenyewe walipoulizwa, ilibainika kuwa chini ya nusu yao walikuwa na lugha ya kigeni inayofaa kazini. Mwaka uliofuata Waziri wa Mambo ya Nje, John Foster Dulles, akatangaza sera mpya: ujuzi wa lugha utathibitishwa kwa mtihani. Mwaka 1958 chuo cha wizara hiyo kinachofundisha watumishi wa nje, ambacho wengi hukiita FSI kwa ufupi, kikaanzisha ofisi maalumu ya upimaji. Chuo chenyewe kilifunguliwa mwaka 1947, na leo kina kampasi yake Arlington, Virginia.

Sheria ya Utumishi wa Nje ya mwaka 1980, katika kifungu cha 702, ikalitia jambo hili nguvu. Inamtaka waziri aweke masharti ya lugha kwa wanaopelekwa ng'ambo, ili balozi ziwe na watu wanaoijua lugha inayotumika katika nchi waliyomo.

Kiswahili nacho kina historia ndefu katika mambo haya. Mjini Berlin, chuo cha lugha za Mashariki kilichofunguliwa mwaka 1887 kiliwafundisha Kiswahili Wajerumani waliokuwa wakienda kutawala Afrika Mashariki, na miongoni mwa waliofundisha pale alikuwa Mtoro bin Mwinyi Bakari kutoka mwambao wetu. Baadaye, chini ya Waingereza, ofisa wa serikali ya Tanganyika naye alitakiwa kufaulu mtihani wa Kiswahili. Zama hizo mwenyeji alifundisha ili mgeni apate kumtawala. Leo mwenye lugha anaweza kuwa mtahini au mtahiniwa, kwa hiyo ana kila sababu ya kuzijua kanuni.

Anza na nafasi, kisha nchi

Kosa la kwanza la wengi ni kuuliza, "Tanzania wanataka Kiswahili cha kiwango gani?" Sharti huwekwa kwenye nafasi ya kazi. Wizara hutenga nafasi maalumu zenye sharti la lugha, na kila nafasi huandikiwa alama mbili: S kwa kuzungumza na R kwa kusoma. Nafasi ya ofisa wa siasa anayesoma magazeti na kukutana na wabunge inaweza kudai S-3/R-3. Nafasi nyingine katika ubalozi huohuo inaweza kudai kuzungumza zaidi kuliko kusoma, na nyingine isiwe na sharti lolote.

Kwa hiyo, kabla ya kufungua kitabu, pata majibu ya maswali manne. Nafasi ninayoiomba inadai alama gani? Inadai lugha ipi, maana kituo kimoja kinaweza kuwa na nafasi za Kifaransa na nafasi za Kiswahili? Alama niliyonayo ni ya lini, na je, itakuwa hai siku nitakayoripoti? Na kama sijafikia kiwango, nimetengewa muda gani wa mafunzo kabla ya kuondoka?

Uko mlango wa msamaha, yaani mtu kuruhusiwa kwenda bila kutimiza sharti. Umetumika sana. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, GAO, iliripoti mwaka 2009 kwamba asilimia 31 ya maofisa waliokuwa kwenye nafasi zenye sharti la lugha hawakuwa wamelitimiza. Katika ripoti yake ya mwaka 2017, kiwango kilikuwa asilimia 23. Usijenge mipango yako juu ya mlango huo. Anayekwenda bila lugha hutegemea mkalimani katika kila kikao, na kinachosemwa pembeni, ambacho mara nyingi ndicho chenye uzito, kinampita.

Jifunze ngazi kabla ya kujifunza lugha

Idara za serikali ya Marekani hutumia kipimo kimoja, kinachoitwa ILR, kinachoanzia 0 hadi 5. Katikati kuna alama za kujumlisha kama 1+ na 2+. Maelezo ya ngazi hizi yako wazi kwa umma, lakini wengi huingia mtihanini bila kuyasoma hata mara moja. Yasome. Kwa kuzungumza, kwa ufupi, yako hivi.

Ngazi ya 1 ni ya kujikimu: kusalimiana, kuuliza njia, kununua vitu, kujibu maswali mepesi kuhusu nafsi yako.

Ngazi ya 2 ni ya kusimulia na kueleza. Unaweza kuhadithia ajali uliyoiona jana tangu mwanzo hadi mwisho, kumwelekeza mtu, kueleza utaratibu wa kazi yako na kupanga mambo ya wiki ijayo. Makosa yapo, ila unaeleweka.

Ngazi ya 3 ndiyo inayodaiwa na nafasi nyingi, na ndipo watu wengi hukwama. Hapa unatakiwa kutoa maoni na kuyatetea, kuzungumzia mambo ya kufikirika na yasiyoshikika, kusema ingekuwaje kama hali ingekuwa vingine, na kumudu mada ambayo hukuizoea. Makosa yako hayamzuii msikilizaji kukuelewa na hayamkeri.

Ngazi ya 4 ni ya kushawishi, kupatanisha, kuwasilisha msimamo wa serikali na kubadili namna ya kusema kulingana na anayesikiliza. Ngazi ya 5 ni ya mwenyeji aliyeelimika vizuri, anayeitumia lugha kwa upana wake wote.

Alama ya kujumlisha ina maana yake. Mwenye 2+ huigusa ngazi ya 3 mara nyingi, lakini hawezi kubaki pale kwa muda wote wa mazungumzo. Hili ndilo la kushika: alama hutolewa kwa kile unachoweza kukidumisha. Sentensi moja tamu kuhusu katiba haikupi 3 ikiwa dakika zinazofuata unarudi kwenye majibu ya neno mojamoja.

Zoezi linalosaidia kuliko yote ni kupanda ngazi kwa mada moja. Chukua, tuseme, bei ya mafuta ya petroli. Kwanza simulia: siku bei ilipopanda, mtaani kwenu kulitokea nini? Pili eleza: bei hupangwaje, na nauli ya daladala au matatu huathirikaje? Tatu tetea: je, serikali itoe ruzuku au iache soko liamue, na kwa nini? Nne kisia: kama ruzuku ingeondolewa miaka mitano iliyopita, mkulima wa leo angekuwa wapi? Fanya hivyo kwa wakimbizi, bandari, chanjo, uchaguzi, elimu ya msingi, ajira za vijana. Atakayezipanda mada 20 kwa namna hii atakuwa amejiandaa vizuri kuliko aliyekariri orodha ndefu ya msamiati.

Siku ya mtihani

Utakutana na watu wawili. Mmoja ni mtahini anayezungumza lugha unayopimwa. Wa pili ni msimamizi, anayeongoza mtihani kwa Kiingereza na kuhakikisha utaratibu unafuatwa. Utaratibu hurekebishwa mara kwa mara, hivyo omba maelekezo mapya kabla ya siku yenyewe na uyasome mpaka mwisho. Hata hivyo, kazi zinazopimwa ni zilezile.

Kwa kuzungumza, kuna mazungumzo ya kawaida yanayoanza kwa mambo mepesi na kupanda taratibu. Kuna mada ya kikazi unayoichagua kati ya chache, ukapewa muda mfupi wa kujipanga, ukaizungumzia na kujibu maswali. Tena kuna mahojiano: wewe ndiye unayemuuliza mtahini kuhusu jambo fulani, kisha unamweleza msimamizi kwa Kiingereza ulichosikia.

Mambo matano huangaliwa: unavyoelewa, unavyopanga mawazo, sarufi, msamiati na ufasaha wa kutiririka. Kupanga mawazo kunasahauliwa sana. Mtu anazungumza haraka, kwa maneno mazuri, lakini msikilizaji hajui hoja ni ipi. Jizoeze kufungua jibu kwa msimamo wako, kutoa sababu mbili au tatu, kutaja upande wa pili, kisha kuhitimisha. Viunganishi kama "hata hivyo", "kwa upande mwingine", "ndiyo kusema", "licha ya hayo" na "iwapo" viwe mdomoni tayari.

Usitishike maswali yanapokuwa magumu. Mtahini anapanda makusudi ili aone mwisho wa uwezo wako, kama fundi anavyogonga ukuta kutafuta palipo na mashimo. Akikufikisha mahali ukakwama, ujue amefanya kazi yake. Jibu kadiri unavyoweza, zunguka neno usilolijua kwa kulieleza, na endelea. Neno likikukimbia, sema, "Ile ofisi inayokusanya kodi za bidhaa zinazoingia mpakani," na hilo litakufaa kuliko kunyamaza au kuingiza neno la Kiingereza.

Katika mahojiano, uliza maswali yanayofungua mlango: "Tafadhali nieleze ilikuwaje mpaka...", "Wananchi walipokeaje uamuzi huo?", "Kuna waliopinga? Walikuwa na hoja gani?" Sikiliza jibu, kisha uliza juu ya jibu hilohilo badala ya kurukia swali uliloandaa. Unapomweleza msimamizi, usimpe muhtasari wa sentensi mbili. Mpe nani alifanya nini, kwa sababu gani, na yale mashaka au masharti ambayo mtahini aliyataja. Hapo ndipo uelewa wako unapopimwa.

Mitego ya aliyezaliwa na Kiswahili

Sehemu hii naiandika kwa moyo wote, kwa sababu wanaoumizwa zaidi na alama zao ni watu wetu. Mcheza kwao hutunzwa, lakini hutunzwa akicheza ngoma inayopigwa.

Mtego wa kwanza ni kuchanganya lugha. Mtu amesoma kwa Kiingereza na kufanya kazi kwa Kiingereza. Nyumbani Kiswahili chake ni safi akizungumzia chakula, harusi na misiba. Akiulizwa kuhusu bajeti au mahakama, kila sentensi inaingiwa na maneno ya Kiingereza matatu. Mtahini anapima Kiswahili, na penye Kiingereza hakuna cha kupima. Dawa yake ni kuihamisha kazi yako kwenye Kiswahili. Kila jioni simulia kazi ya siku hiyo kwa sauti, bila neno la Kiingereza. Andika maneno uliyokosa, yatafute, uyatumie kesho yake: mswada wa sheria, zabuni, mfumuko wa bei, ushuru wa forodha, dhamana, rufaa, hati ya kusafiria, maombi ya hifadhi, ukaguzi wa hesabu, makubaliano ya awali. Ndani ya miezi mitatu utakuwa na kamusi yako mwenyewe, inayohusu kazi yako mwenyewe.

Mtego wa pili ni kuwa na namna moja tu ya kusema. Kiswahili cha Bukavu, cha Lubumbashi, cha Eastlands Nairobi na cha Mji Mkongwe vyote ni mali, na hakuna anayepaswa kukionea haya chake. Ila anayetaka ngazi za juu hana budi kuonyesha kwamba anaweza kuchagua. Penye mazungumzo ya kirafiki, zungumza kama kwenu. Penye mada ya kikazi, tumia Kiswahili sanifu. Ikiwa umezoea kusema "batoto" au "gari yangu imeharibika", jizoeze pia "watoto" na "gari langu limeharibika" mpaka vikutoke bila kufikiri. Sikiliza idhaa za Kiswahili za BBC, DW na redio za Tanzania na Kenya, kisha rudia taarifa nzima kwa maneno yako huku ukijirekodi. Ukijisikiliza, ngeli zilizovunjika zitakuonyesha mwenyewe pa kurekebisha, hasa kwenye sentensi ndefu ambapo nomino na kitenzi chake vimeachana mbali.

Mtego wa tatu ni majibu mafupi. Mwenyeji hana haja ya kueleza mambo anayodhani yanajulikana. Anaulizwa, "Maisha ya wakimbizi Kigoma yakoje?" anajibu, "Ni magumu," na kunyamaza. Mtahini hawezi kutoa alama kwa kilichobaki moyoni. Eleza kana kwamba unaongea na mtu makini ambaye hajawahi kufika huko.

Mtego wa nne ni heshima. Kiswahili kina adabu zake, na kwenye ngazi za juu adabu ni sehemu ya ujuzi. Mtahini akiwa mtu mzima na mazungumzo ni ya Kitanzania, shikamoo ina mahali pake. Mkizungumza kana kwamba uko mbele ya waziri, mwite Mheshimiwa. Jifunze kupinga bila kumvunjia mtu heshima: "Kwa ruhusa yako, naona kuna upande mwingine wa jambo hili." Anayepinga kwa "hapana, umekosea" ameonyesha sarufi nzuri na uhusiano mbaya.

Mtego wa tano ni Kiingereza chenyewe. Sehemu za mtihani huu zinamtaka mtahiniwa aeleze kwa Kiingereza alichosikia au kusoma. Aliyezoea kufikiri kwa kila lugha peke yake hushindwa kuvuka kwa haraka. Fanya mazoezi ya kuvusha: sikiliza taarifa ya dakika tatu kwa Kiswahili, kisha ieleze yote kwa Kiingereza kwa mtu asiyejua Kiswahili.

Kusoma nako kuna mbinu

Kusoma hupimwa kwa namna mbili. Kuna matini fupi unazopitia haraka na kusema ni za aina gani na zinahusu nini. Kuna makala marefu zaidi unayoyasoma kwa kina na kueleza kwa Kiingereza hoja kuu na vipengele vyake.

Kwa mazoezi ya haraka, fungua gazeti, *Mwananchi*, *Nipashe*, *HabariLeo* au *Taifa Leo*, ujipe dakika chache na kupita ukurasa mzima. Kwa kila kipande sema: hii ni habari, tangazo, barua ya msomaji au tahariri? Nani anasema, na anataka nini? Kwa mazoezi ya kina, chagua tahariri na safu za wachambuzi, kwa kuwa ndizo zenye hoja na mabishano. Soma, funika ukurasa, kisha eleza kwa Kiingereza: mwandishi anadai nini, ushahidi wake ni upi, anajibu wapinzani gani, anahitimisha vipi.

Kuwa mwangalifu na maneno yanayobeba mashaka. Gazeti likiandika kwamba ofisa "anadaiwa" kuchukua fedha, ukimwambia msimamizi kwamba alichukua fedha, umepotosha habari. Vivyo hivyo na "inasemekana", "huenda", "alikanusha" na "duru zinaeleza". Angalia pia saa na siku: saa mbili usiku, mwaka juzi, keshokutwa. Haya mwenyeji huyapita bila kuyaona, na ndipo anapopoteza alama alizostahili.

Kwa anayejifunza lugha mpya: piga hesabu ya kweli

FSI huzipanga lugha kulingana na muda unaohitajika kumfikisha mzungumzaji wa Kiingereza kwenye S-3/R-3. Kifaransa, Kihispania na Kireno huchukua takriban wiki 24 hadi 30. Kiswahili kiko pamoja na Kijerumani, Kimalei na Kiindonesia kwenye wiki 36. Kundi la lugha nyingi zaidi huchukua wiki 44. Kiarabu, Kichina, Kijapani na Kikorea huchukua wiki 88.

Kumbuka kwamba wiki hizo ni za mtu ambaye kazi yake yote ni kusoma: saa 23 darasani na nyingine 17 za kujisomea. Wiki 36 za Kiswahili ni saa 828 za darasani. Anayejifunza jioni saa tano kwa wiki angehitaji zaidi ya miaka mitatu kuzifikisha. Basi usijipangie mtihani baada ya miezi sita ya madarasa ya jioni na kujilaumu ukifeli. Omba mafunzo ya kutwa ikiwa nafasi yako inayaruhusu, au anza miaka kadhaa kabla.

Kwa wenzetu kutoka Kongo, Burundi na Rwanda waliosoma shule kwa Kifaransa, nasisitiza jambo moja: pimwa na Kifaransa pia. Wengi hukiona kama cha shule tu, nacho kinafungua vituo vya Afrika Magharibi na Kati na hata Ulaya. Kukifufua Kifaransa kilicholala ni kazi ya miezi, na kujifunza lugha ngeni kabisa ni kazi ya mwaka au zaidi.

Tarehe, kumbukumbu na uaminifu

Kwa kawaida alama huhesabiwa kuwa hai kwa miaka mitano. Angalia tarehe yako sasa hivi. Watu wamekosa nafasi nzuri kwa sababu alama ilikwisha muda miezi michache kabla ya maombi. Omba mtihani mapema, kwa kuwa ratiba hujaa majira ambayo wengi wanahama vituo. Weka nakala ya matokeo yako mwenyewe. Kwa baadhi ya lugha na vituo kuna malipo ya nyongeza kwa mwenye ujuzi, nayo hutolewa kwa alama iliyo hai, si kwa sifa. Na kwa ofisa mpya, kuonyesha ujuzi wa lugha moja ya kigeni kumekuwa kwa muda mrefu sehemu ya masharti ya kuthibitishwa kazini.

Usitafute maswali ya mtihani kwa aliyetangulia, wala usiwasimulie wanaokufuata. Yaliyomo kwenye mtihani ni siri ya kazi, na kuyatoa kunaweza kukuharibia jina kabla hujafika kituoni. Unachoruhusiwa kukijua, yaani ngazi, aina ya kazi na utaratibu, kinatosha.

Kwa askari wetu wanaokwenda kwenye misheni

Watumishi wa serikali za Afrika Mashariki nao wana mtihani wao. Askari polisi wa Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda au Burundi anayeomba kwenda mmoja mmoja kwenye misheni ya Umoja wa Mataifa hupimwa lugha ya misheni, Kiingereza au Kifaransa, pamoja na udereva, na kulenga shabaha pale atakapobeba silaha. Lugha hupimwa kwa kusoma na kuelewa, kusikiliza na kuandika ripoti, na mahojiano ya ana kwa ana. Sudani Kusini ni Kiingereza. Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati ni Kifaransa.

Pale wengi huangushwa na ripoti. Jizoeze kusikiliza maelezo ya tukio mara moja au mbili, kisha uandike: lini, wapi, nani, nini kilitokea, hatua gani zilichukuliwa. Tumia sentensi fupi, wakati uliopita, bila maoni yako. Ripoti moja kila siku kwa miezi miwili inatosha kumbadilisha askari aliyekuwa na hofu.

Neno kwa msomaji

Lugha uliyorithi ni mtaji mkubwa, lakini serikali hulipa kwa kilichopimwa. Wiki hii fanya mambo matatu: soma maelezo ya ngazi za ILR, tafuta tarehe ya alama yako ya mwisho, na jirekodi ukizungumza dakika kumi kuhusu kazi yako kwa Kiswahili kitupu. Baada ya hapo utajua umbali uliobaki, na hutakuwa na sababu ya kuingia mtihanini kwa kubahatisha. Na wewe mzazi uliye ugenini, zungumza na watoto wako kwa Kiswahili kuhusu siasa, sayansi na habari za dunia, usiishie kwenye salamu na chakula. Ujuzi unaodaiwa na ngazi ya 3 hujengwa katika mazungumzo hayo.